Shajara ya mradi: titaniamu na oksijeni yake, karakana ya Nakuru

3 Februari 2025

Tanuru letu la kuyeyushia titaniamu sasa limesimikwa. Ni chumba cha chuma cha pua cha lita 10. Sakafu yake ni bamba nene la shaba lenye mifereji ya maji ndani, na kwa juu inaingia fimbo ya tangsteni iliyofungwa kwenye mashine ya TIG, ile ya kuchomelea kwa tao la umeme. Agoni, gesi isiyoungana na chuma, ni ya mtungi uleule wanaotumia mafundi wa kuchomelea.

Kila anayepita karakanani anauliza swali moja: mnayeyushaje titaniamu juu ya shaba, wakati shaba inayeyuka kwa nyuzi 1085 na titaniamu kwa nyuzi 1668? Ni kwa sababu titaniamu ikishayeyuka hula chungu chochote utakachoiwekea. Vyungu vya alumina, magnesia na zirkonia vyote ni oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, na titaniamu huvinyang'anya oksijeni. Ukileta cha grafaiti, inakula kaboni yake. Shaba inayopozwa kwa maji inasalimika kwa kuwa titaniamu inayoigusa huganda papo hapo na kujitengenezea bakuli la titaniamu yenyewe. Kinachoyeyuka kinakaa ndani ya bakuli hilo bila kugusa kitu kigeni.

Tunachotaka kujua ni hiki: karakana ya watu watatu Nakuru inaweza kuchukua skrapu ya titaniamu iliyokwisha kunywa oksijeni, ikairudisha kuwa chuma kinachokunjika bila kupasuka? Mzee wa mashine ya kukereza anasema inawezekana. Dada yetu wa kemia, anayetoka Njoro kila wiki, anasema inategemea unaitoa oksijeni wakati gani. Mimi ndiye ninayeshika tochi, kwa hiyo naandika.

6 Februari

Kabla hatujaenda mbali, jambo moja linaniudhi na nitaliandika mara moja tu. Kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, mchanga wenye ilmenaiti na rutaili ulichimbwa Kwale na kupakiwa melini Likoni. Nchi ilisafirisha madini ya titaniamu kwa zaidi ya miaka kumi, na leo nikitaka kipande cha titaniamu cha ukubwa wa kidole nakitafuta kwa wauza skrapu. Mchanga ule ulikuwa na titaniamu, lakini titaniamu iliyofungwa kwa oksijeni. Thamani yote iko katika kuwatenganisha hao wawili.

Waliofaulu kuwatenganisha kwa wingi walipita njia ya kuzunguka. Mwaka 1910 Hunter, kule Marekani, alipata titaniamu safi kwa kutumia sodiamu. Kroll wa Luxembourg akaja na magnesiamu, na hataza yake ni ya 1940. Wote wawili hawakuanza na oksaidi. Walianza na kloridi: unaupa mchanga klorini na kaboni kwenye moto, oksijeni inaondoka na kaboni, unabaki na kimiminika cha titaniamu kloridi, ndipo unakipa magnesiamu. Oksijeni inatolewa mlangoni kabla chuma hakijazaliwa. Ukijaribu magnesiamu moja kwa moja kwenye oksaidi, inafika mahali inakwama ikiwa oksijeni bado ni takriban asilimia 1 hadi 2, na chuma chenye oksijeni kiasi hicho ukikigonga nyundo kinavunjika.

11 Februari

Namba za kubandika ukutani, kwa sababu tunazibishania kila siku. Titaniamu isiyo aloi, yaani isiyochanganywa na metali nyingine, ina madaraja manne, na kinachoyatofautisha hasa ni oksijeni: daraja la 1 mwisho asilimia 0.18, la 2 mwisho 0.25, la 3 mwisho 0.35, la 4 mwisho 0.40. Ile aloi maarufu yenye alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4 inaruhusiwa hadi 0.20, na toleo lake la upasuaji, linalowekwa mifupani, hadi 0.13.

Ukitazama vizuri, kutoka chuma laini cha daraja la 1 hadi kigumu cha daraja la 4 kuna tofauti ya asilimia 0.22 tu, yaani gramu mbili na ushei katika kilo nzima. Chembe za oksijeni huingia kwenye nafasi kati ya chembe za titaniamu na kuzizuia zisiteleze. Nguvu inapanda, kukunjika kunashuka.

14 Februari

Leo imepotea kwenye geji. Pampu ya ombwe, ile ya kutoa hewa chumbani, ilinguruma asubuhi nzima na mshale ukagoma kuvuka 0.81 kwenye kipimo cha bari, wakati kipimo chenyewe kinafika 1. Tulipaka sabuni kwenye kila kiungo tukitafuta pahali panapovuja. Mzee akabadilisha gasketi ya mlango. Mshale palepale.

Dada wa kemia alipofika alicheka. Geji ya aina hii inapima tofauti kati ya ndani na nje, na nje ya karakana hii tuko mita 1850 hivi juu ya bahari. Hewa ya Nakuru ina shinikizo la bari 0.81 tu. Ombwe kamili hapa litasomeka 0.81, Kisumu litasoma zaidi kidogo, Mombasa ndiko litakaribia 1. Kwa hiyo pampu ilikuwa inafanya kazi vizuri, na geji haiwezi kutuambia lolote kuhusu ile hewa kidogo iliyobaki, ambayo ndiyo tunayoihitaji. Inatafutwa geji ya waya wa moto.

15 Februari

Hesabu ya dada, naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna tunavyofanya kazi.

Chumba cha lita 10 kikijaa hewa ya Nakuru kina gramu 2.2 za oksijeni. Tuseme pampu inaondoa yote ila sehemu moja ya mia. Inabaki gramu 0.022. Inaonekana si kitu. Lakini kidonge tunachoyeyusha kina gramu 30, na titaniamu iliyoyeyuka haiachi chochote hewani. Gawanya: asilimia 0.07. Chuma kilichoingia kikiwa daraja la 1 kwenye ukingo wake, 0.18, kinatoka kikiwa 0.25, daraja la 2. Tumeshusha hadhi ya chuma kwa hewa ambayo geji haikuiona.

Dawa yake ni rahisi: vuta, jaza agoni, vuta tena, jaza tena, mara tatu. Sehemu moja ya mia ya sehemu moja ya mia ya sehemu moja ya mia ni sehemu moja ya milioni. Baada ya hapo adui si hewa ya mwanzo tena. Anabaki unyevu ulioganda kwenye kuta za chumba, na viungo vinavyovuja taratibu. Kwa hiyo tunapasha kuta kwa taa kubwa usiku kucha kabla ya kuyeyusha, na pembeni ya bamba la shaba tumechonga kishimo cha kidonge cha kafara. Kidonge hicho, titaniamu isiyo na thamani, kinayeyushwa kwanza na kuachwa majimaji dakika kadhaa ili kimeze kilichobaki kwenye agoni. Ndipo tao linahamia kwenye kidonge chenyewe.

26 Februari

Kidonge cha kafara kinasema ukweli kuliko geji zote. Leo tulipofungua, kilikuwa na rangi ya majani makavu ya mahindi kwa juu, na kidonge cha kazi kilikuwa cheupe king'aavu kama shilingi mpya. Rangi hizi mafundi wa kuchomelea titaniamu wanazijua kwa moyo: fedha inayong'aa ni safi, manjano ya majani inavumilika, zambarau na buluu ina maana hewa iliingia wakati chuma bado ni moto, kijivu ni mbaya, na unga mweupe ni wa kutupa.

Ila rangi ni ya ngozi. Haikuambii kitu kuhusu oksijeni iliyokwisha kuzama ndani kabla hujaanza. Kwa hiyo tunafanya la zamani: tunakigonga kidonge kuwa bamba jembamba, tunakibana kwenye jiliwa, tunakikunja. Na tupa. Titaniamu safi tupa inaing'ata, inatoa unga wa kijivu unaonata menoni mwa tupa. Titaniamu iliyonywa oksijeni nyingi, tupa inateleza juu yake na kulia.

4 Machi

Tumeyeyusha maranda ya mashine ya kukereza. Yalikuwa na mafuta ya kukatia, tukayaosha kwa sabuni, kisha spiriti, yakakaushwa. Maranda ni membamba na marefu, kwa hiyo ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito, na kila ngozi ina oksaidi.

Kidonge kilitoka cheupe. Kizuri kwa macho. Kwenye jiliwa kilipasuka kabla hakijafika pembe mraba.

Mzee, ambaye ameyeyusha chuma cha kawaida maisha yake yote, aliuliza swali ambalo kila fundi angeuliza: mavi yake yako wapi? Chuma cha kawaida ukikiyeyusha, kutu inapanda juu, unaitupia chokaa na mchanga, inakuwa mavi ya chuma, unayakwangua. Ukiongeza alumini au silikoni kidogo, zinaidaka oksijeni na kuelea nayo. Titaniamu haifanyi hivyo. Kutu yake haielei, inayeyukia ndani. Chuma hiki, hata kikiwa kigumu, kinaweza kushika oksijeni hadi karibu asilimia 14 ya uzito bila kuitema. Ukikitupia alumini haisaidii, kwa kuwa titaniamu inaishika oksijeni kwa nguvu kuliko alumini inavyoweza kuivuta. Alumini inageuka tu kuwa sehemu ya aloi.

Na ombwe? Hapa ndipo tulipokuwa tumeweka matumaini. Tulidhani tukipata pampu kali zaidi, oksijeni itafyonzwa. Viwanda vikubwa vinayeyusha kwa ombwe, kwa tao au kwa mshale wa elektroni, na ni kweli ombwe linaondoa vitu: hidrojeni inatoka, magnesiamu na kloridi zilizosalia kutoka njia ya Kroll zinatoka. Oksijeni haitoki. Shinikizo la oksijeni ambalo lingeifanya iondoke kwenye titaniamu iliyoyeyuka liko chini mno kuliko pampu yoyote duniani inavyoweza kufika. Naitrojeni nayo vivyo hivyo. Hata kaboni, ambayo katika chuma cha kawaida chini ya ombwe inaondoka na oksijeni kama gesi, hapa inaungana na titaniamu na kukaa.

Kwa hiyo tanuru letu, hata likiwa kamilifu, ni mlinzi tu. Linazuia ya nje isiingie. Ya ndani haliigusi.

7 Machi

Viwanda vya skrapu vinafanya nini basi? Vinachanganya. Chukua skrapu ya ile aloi ya 6 na 4 yenye oksijeni 0.20, changanya nusu kwa nusu na sponji mpya, yaani titaniamu ghafi inayotoka kwenye njia ya Kroll, yenye 0.06, unapata 0.13. Umefika daraja la upasuaji kwa hesabu ya shule ya msingi. Lakini umepunguza alumini na vanadiamu kwa nusu pia, kwa hiyo unaongeza aloi ya vanadiamu na alumini kurudisha. Inafanya kazi. Inahitaji sponji, na sponji inatoka ng'ambo. Kwa karakana hii ni kama kupunguza chumvi kwenye mchuzi kwa kuongeza maji uliyonunua chupa kwa chupa.

13 Machi

Kalsiamu. Kwenye jedwali la nani anaishika oksijeni kwa nguvu kuliko titaniamu, orodha ni fupi: kalsiamu, itriamu na ndugu zake wachache. Kalsiamu ni ya bei nafuu zaidi.

Shida yake ni moja na ni kubwa. Kalsiamu inachemka kwa nyuzi 1484. Titaniamu haijayeyuka bado. Ukiitupa kwenye kidonge cha moto inageuka mvuke na kupaka kuta za chumba kabla haijafanya kazi, na ukifungua mlango kesho yake ule unga unapambana na unyevu wa hewa. Mzee alitaka tuijaribu chini ya agoni ya shinikizo. Nilikataa. Ndani ya bamba letu kuna maji, na maji yakivuja kwenye titaniamu iliyoyeyuka tunapata hidrojeni, na hidrojeni na moto sihitaji kuzieleza. Hatuongezi kalsiamu kwenye hesabu hiyo. Tangi la maji tumelipandisha juu ya paa ili stima ikipotea maji yaendelee kushuka yenyewe. Huo ndio ujasiri wangu wote kwa mwezi huu.

Itriamu haichemki mapema hivyo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba ukiweka itriamu pamoja na floridi yake kwenye titaniamu iliyoyeyuka, oksijeni inashuka hadi asilimia 0.02. Hiyo ni safi kuliko sponji. Ndiyo njia ya kweli ya kuondoa oksijeni wakati wa kuyeyusha, na niliposoma nilisimama nikazunguka karakana. Kisha nikasoma upande wa pili: itriamu hadi asilimia 1 inabaki ndani ya chuma. Viwango vya titaniamu ya ndege vinaruhusu 0.005. Kwa vitu visivyoruka huenda isiwe taabu, lakini bei ya itriamu ilitufunga mdomo.

24 Machi

Safari Rally imeisha jana kule Naivasha, na wiki nzima barabara ilijaa pikipiki kubwa za kutoka Nairobi. Mmoja wao aliacha kwa fundi jirani ekzosi ya titaniamu iliyopasuka. Tumeinunua kwa bei ya heshima. Ukuta wake ni milimita moja hivi, umeungua buluu na kahawia, na sehemu iliyokuwa karibu na injini ni kijivu. Kipande cha kijivu ukikikunja kinalia kama biskuti: ngozi yake imekuwa gamba gumu lenye oksijeni nyingi.

Wembamba huu ndio tuliokuwa tunautafuta, kwa sababu dada ameleta wazo lingine: tuitoe oksijeni kabla ya kuyeyusha, chuma kikiwa bado kigumu, ndani ya chumvi ya moto.

2 Aprili

Njia ni ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Fray, Farthing na Chen waliitangaza mwaka 2000. Walianza kwa kutaka kuondoa gamba la oksijeni juu ya titaniamu, kisha wakagundua hata oksaidi tupu inageuka chuma. Unayeyusha kalsiamu kloridi, ambayo inayeyuka kwa nyuzi 772, unaipandisha hadi 900 na zaidi. Titaniamu unaifunga upande hasi, grafaiti upande chanya, unaweka volti 3 kasoro. Oksijeni inatoka kwenye chuma, inaogelea ndani ya chumvi, inafika kwenye grafaiti na kuondoka kama gesi ya kaboni. Ukizidisha hadi volti 3.2 chumvi yenyewe inaanza kuvunjika, na klorini utaijua kwa pua. Kwa hiyo feni, mlango wazi, na mtu mmoja kazi yake ni kuangalia mita tu.

Kalsiamu kloridi haikutusumbua kuipata. Hii ni kaunti ya maziwa, na wanaotengeneza jibini wanaitumia kugandisha. Mama wa duka la vifaa vya maziwa aliuliza tunatengeneza jibini kilo ngapi. Mzee akamwambia, mama, jibini letu halilainiki hata kwa nyundo.

9 Aprili

Mvua za masika zimeshika. Chumvi iliyoachwa kwenye trei jioni ilikuwa sharubati asubuhi, imenyonya unyevu hadi ikayeyukia ndani ya maji yake yenyewe. Na huwezi kuikausha kwa haraka: ukiipasha kwa pupa, yale maji yanaivunja, inatoa asidi na kuacha chokaa. Lazima iende polepole, chini ya ombwe, kwa joto dogo kwanza. Pampu ya tanuru sasa ina kazi ya pili.

28 Aprili

Vipande vitatu vya ekzosi vimetoka kwenye chumvi. Vilioshwa kwa maji, kisha siki, ili chokaa iliyonata iyeyuke. Rangi ni kijivu hafifu kilichopauka, hakina mng'aro wowote, na mzee alisema mbele yangu kwamba tumeviharibu.

Cha kwanza, kilichokaa muda mfupi, kilipasuka kama zamani. Cha pili kilikunjika hadi pembe mraba kikaonyesha nyufa ndogo kwa nje. Cha tatu, kilichokaa usiku kucha, mzee mwenyewe alikibana kwenye jiliwa, akakikunja, akakinyoosha, akakikunja tena kwenda upande wa pili. Alichukua tupa. Ikang'ata. Hakusema neno, alikwenda kunawa mikono.

Muda ndio unaoamua. Oksijeni inatembea polepole sana ndani ya chuma kigumu, kwa hiyo bamba la milimita moja linawezekana na bamba nene halifai. Maranda yanafaa kuliko vyote, na ndiyo tuliyokuwa tunayalaumu mwezi wa tatu.

Kukunjika si namba, hata hivyo. Kipande kinatumwa maabara ya Nairobi yenye mashine ya kuyeyushia sampuli: sampuli ndogo inachomwa pamoja na nikeli ndani ya kikombe cha grafaiti, heliamu inapita, oksijeni inatoka kama kaboni monoksaidi na kupimwa kwa mwanga. Mzee akauliza kwa nini kaboni inaweza kuitoa huko na haiwezi kwetu. Kwa sababu huko chuma kinatolewa kafara chote. Hakuna anayekitaka baada ya kupimwa.

6 Mei

Tulifuata mpango mpya: maranda yaliyosafishwa kwenye chumvi, yakaoshwa, yakakaushwa, ndipo yakaingia tanuru la shaba na kidonge cha kafara. Kidonge kimetoka cheupe na kimekunjika hadi kulala bapa juu ya jiliwa.

Lililobaki ni grafaiti. Inamomonyoka, unga wake unaelea juu ya chumvi kama povu jeusi, na ukigusa maranda unaingia. Leo tumeona madoa meusi kwenye kikapu cha maranda. Dada anataka tuzungushie grafaiti ukuta wa kauri wenye matundu. Mimi nataka tuiweke upande mmoja wa kikapu na kukwangua povu kila saa. Tutaanza na yangu kwa kuwa kijiko tunacho.